UZI: Himaya ikivunjika, kwa nini kwingine huwaka na kwingine hutulia?

Mwalimu_wa_Ngara

Wakuu, hamjambo. Nafundisha historia hapa Nairobi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma vita vilivyozuka pembezoni mwa Umoja wa Kisovieti uliovunjika mwaka 1991: Karabakh, Ossetia Kusini, Abkhazia, Transnistria, Tajikistan, Chechnya. Watu huniuliza Mkenya anatafuta nini huko. Naomba nijibu kwa kirefu, maana jibu linatugusa.

Januari 2008, siku zile matatu hazitoki na maduka yamefungwa, nilikuwa nyumbani nasikiliza redio ya nje. Mtangazaji akaeleza kwamba Kenya imelipuka kwa chuki za kikabila za tangu jadi. Mlango wa pili kutoka kwangu, jirani niliyeshirikiana naye misiba na harusi alikuwa anafunga godoro kwa kamba ahame. Watoto wake na wangu walikuwa wakioga beseni moja. Nikajiuliza, jadi gani hiyo? Wengi waliokuwa wakichomeana nyumba Bonde la Ufa waliletwa kuwa majirani na skimu za makazi za miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalipogawanywa. Kulikuwa na hati za ardhi, kulikuwa na kura, kulikuwa na majeraha ya mapigano ya 1992 ambayo hayakutibiwa. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika majuma machache, na yote hayo yakafunikwa na maneno mawili: "chuki", "jadi".

Nikazima redio. Halafu nikakumbuka kwamba kwenye rasimu ya tasnifu yangu, iliyokuwa mezani palepale, nilikuwa nimeandika sentensi ileile kuhusu Waarmenia na Waazeri waliopigania Karabakh. Nilianza upya.

Nianze na karatasi. Babu yangu aliacha kipande chake. Ni kikopo cha bati kilichochakaa, kinaenea kiganjani, kina kitundu cha kupitishia kamba ya shingoni. Ndani mna karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka: alama za vidole, jina, kabila, mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoruhusiwa kuondoka. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa Vita Kuu ilipokwisha. Mwanamume Mwafrika akifika miaka 16, anavishwa. Babu alikuwa akitueleza kwamba kabla ya hapo watu walimuuliza ukoo wake, mlima wake na rika lake. Kabila aliulizwa mara ya kwanza na karani, na karani akaandika.

Mwaka 1932 Moscow nayo ikaleta pasipoti ya ndani. Unaipata ukiwa na miaka 16, na ndani yake imeandikwa wewe ni taifa gani: Mrusi, Mjojia, Muazeri, Mtatari. Warusi wanauita "mstari wa tano". Huchagui upendavyo. Unarithi kwa wazazi, na wakiwa wa mataifa mawili tofauti unachukua moja. Serikali iliyokuwa ikihubiri kwamba mataifa yatayeyuka ndiyo iliyomwandikia kila mtu taifa lake kwa wino.

Kisha kila taifa likapewa sehemu yake, kwa daraja. Fikirieni sufuria za jikoni zinavyopangwa moja ndani ya nyingine. Sufuria kubwa ni jamhuri 15 za Umoja. Ndani ya baadhi yake kuna jamhuri ndogo zenye mamlaka ya ndani, na chini ya hizo kuna mikoa yenye mamlaka ya ndani. Kila moja ina makao makuu, baraza, gazeti la lugha yake, na viti vya wakubwa. Lakini katiba ya 1977 ilizipa haki ya kujitoa zile 15 peke yake. Kwa miaka mingi haki hiyo ilikuwa mapambo. Desemba 1991 ikawa ndiyo kila kitu: waliokuwa sufuria kubwa wakaamka wana nchi, na waliokuwa ndani wakaamka wako ndani ya nchi ya mtu mwingine.

Abkhazia ndiyo inayonikera zaidi. Mwaka 1921 ilihesabiwa jamhuri kamili. 1931 ikashushwa ikawekwa ndani ya Georgia. Sensa ya 1989 iliwakuta Waabkhazi ni kama asilimia 18 tu ya watu wa jamhuri iliyobeba jina lao, na Wajojia karibu asilimia 46. Weka hapo baraza, bendera, na hofu ya kumezwa. Agosti 1992 vita vikaanza, Septemba 1993 mji wake mkuu, Sukhumi, ukaanguka, na Wajojia zaidi ya 200,000 wakakimbia.

Nitaendelea. Kama kuna mwenye swali aulize tu.

Kijana_wa_Umoja

Mwalimu shikamoo. Mimi niko mwaka wa tatu na tulisoma hii mada haraka sana, muhadhara mmoja. Kwa hiyo tuseme tu ni Stalin aliyechora mipaka vibaya makusudi? Ndivyo tulivyoambiwa.

Mwalimu_wa_Ngara

Marahaba kijana. Hapo naomba uende polepole. Angalia Karabakh. Tarehe 4 Julai 1921 ofisi ya chama ya Caucasus ilikata shauri Karabakh ya milimani iende Armenia. Kesho yake, tarehe 5, uamuzi ukageuzwa ikabaki Azerbaijan, iwe na mamlaka yake ya ndani. Siku moja. Mtu mwenye mpango wa miaka 70 hageuki hivyo usiku mmoja. Mimi naona pale watu waliokuwa wakivutana, wakihofia Uturuki, wakitaka mafuta ya Baku yasikatike, na milima inayokata njia za wachungaji. Wabaya walikuwepo, lakini ukisema "walichora makusudi" unakuwa umeacha kutafuta.

Na hata tukikubali kwamba daraja za sufuria ndizo zilizoleta moto, kuna swali linalofuata ambalo ndilo hasa sababu ya uzi huu. Ndani ya Georgia hiyohiyo kulikuwa na Ajara, nayo ilikuwa jamhuri yenye mamlaka ya ndani. Haikupigana. Ndani ya Urusi, Chechnya ilikuwa daraja moja na Tatarstan. Tatarstan haikupigana. Moldova ilikuwa na Transnistria iliyopigana 1992 na Wagagauz ambao mwaka 1994 walipewa mamlaka yao kwa sheria ya bunge. Vitabu vimejaa waliopigana. Wasiopigana hawana picha, hawana makaburi ya halaiki, basi hakuna anayewaendea. Ni kama daktari anayechunguza malaria kwa kuwapima walio wodini tu.

Mzee_wa_Kariokor

Mwalimu, umenigusa mahali. Nilisoma uhandisi Moscow, 1985 hadi 1991, kwa ufadhili wa serikali yao. Chumbani bwenini tulikuwa watatu: mimi, Muarmenia wa Yerevan, na Muazeri wa Baku. Miaka miwili na nusu sikuwahi kuwahesabu hivyo. Kwangu mmoja alikuwa mwenye kukoroma na mwingine mwenye kukopa sabuni. Walikuwa wanagombana kuhusu mpira, Ararat na Neftchi, mpaka saa saba za usiku, kwa Kirusi, na wote wawili walikuwa wakicheka matamshi yangu. Tulikuwa na birika moja la bati, mpini wake tumeufunga waya. Aliyeamka kwanza ndiye aliyechemsha chai ya wote.

Februari 1988 baraza la Karabakh lilipiga kura kuomba kuhamia Armenia. Siku chache baadaye Waarmenia wakauawa Sumgait, mji ulio karibu na Baku. Redio ya huko haikusema mengi. Habari zilitufikia kwa barua na kwa watu waliotoka likizo. Wale wenzangu hawakutukanana hata siku moja, na nataka vijana walisikie hili. Wa Baku alikuwa na aibu, nilimwona. Alijaribu kusema jambo, akashindwa. Wa Yerevan akaanza kuchelewa kuamka ili asiwe wa kwanza. Baada ya mwezi alinunua birika lake. Ikawa wakitaka kuulizana kitu wananipitishia mimi, mgeni kutoka Kenya, nikiwa nimekaa katikati na vikombe viwili.

Kiangazi wa Yerevan akaomba kuhamishiwa chumba kingine. Karani wa bweni alifungua daftari, akatazama ule mstari wa tano unaousema, akatikisa kichwa akaandika bila kuuliza sababu. Alikuwa ameshahamisha wengine.

Mwalimu_wa_Ngara

Mzee wangu, asante sana. Hilo daftari la karani wa bweni sikuwahi kulisoma popote. Nikipata ruhusa yako nitakuja Kariokor nikurekodi vizuri, kwa utaratibu.

Nirudi kwa Tatarstan na Chechnya, maana ndipo niliposhinda miaka.

Zote zilijitangazia mamlaka. Zote zina mafuta. Zote zina Waislamu wengi. Machi 1992 Watatari walipiga kura ya maoni, asilimia 61 wakaunga mkono mamlaka yao, na mkataba wa shirikisho wa mwezi huohuo wakakataa kuusaini, sawa na Wachechnya. Kwa macho ya wakati ule, yeyote angeweza kusema moto utawaka Kazan, mji mkuu wa Tatarstan.

Tofauti ya kwanza naiona kwa watu waliokalia viti. Tatarstan iliongozwa na Shaimiev, mtu wa chama tangu zamani, aliyejua ni mlango gani wa Moscow unagongwa saa ngapi. Mtandao wake haukuvunjika. Walizungumza, wakanuniana, wakarudi kuzungumza kwa karibu miaka mitatu, na Februari 1994 mkataba ukasainiwa wa kugawana mamlaka na kodi. Chechnya viti vilipinduliwa. Septemba 1991 wafuasi wa Dudayev, jenerali wa jeshi la anga aliyekuwa Estonia, waliuvunja uongozi wa zamani, Oktoba akachaguliwa rais. Novemba Yeltsin, rais wa Urusi, akapeleka askari kwa ndege Grozny, mji mkuu wa Chechnya, wakazingirwa, wakarudishwa. Tangu hapo hakukuwa na mtu wa upande mmoja anayeweza kumpigia simu wa upande wa pili na ikapokelewa.

Ya pili ni kumbukumbu. Februari 1944 Wachechnya na Waingush, karibu nusu milioni, walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo wakapelekwa Kazakhstan na Asia ya Kati. Waliruhusiwa kurudi 1957. Maana yake mwaka 1991 karibu kila mtu mzima wa Chechnya alikuwa amezaliwa uhamishoni, au ana ndugu aliyezikwa huko, au vyote viwili. Dudayev mwenyewe alikuwa mchanga alipopakiwa. Mtu huyo ukimwambia "tuaminiane tu, katiba itakulinda", unategemea akujibu nini?

Ya tatu ni bunduki. Wengi wanaosoma siasa hupita hapa haraka, nami nawasihi wasipite. Jeshi la himaya likivunjika, ghala linabaki na nani? Mei 1992 huko Tashkent waligawana zana kwa maandishi. Armenia, Azerbaijan na Georgia kila moja ikaandikiwa hadi vifaru 220. Nchi ambazo mwaka mmoja nyuma hazikuwa na hata wizara ya ulinzi! Na hayo ni ya karatasini. Nje ya karatasi askari hawakuwa wakilipwa, maghala yalifunguliwa kwa fedha au kwa vitisho, na Chechnya sehemu kubwa ya silaha za jeshi la Kisovieti ilibaki mikononi mwa Dudayev. Transnistria ilikuwa na jeshi zima la 14 limekaa palepale, na ndilo lililoamua vita viishe lini.

Sasa linganisheni na hapa. Tarehe 24 Januari 1964, wiki chache baada ya uhuru, wanajeshi wa kambi ya Lanet waliasi, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na siku moja baada ya wale wa Uganda. Waingereza wakauzima. Tunaweza kulijadili hilo kwa uchungu, kwamba nchi huru ililindwa na mkoloni wa jana. Lakini kwa swali la uzi huu, ghala la Kenya lilibaki moja lenye ufunguo mmoja.

Binti_wa_Isiolo

Mwalimu, nimesoma kwa makini, na nina la kusema kuhusu huo ufunguo mmoja. Sisi wa kaskazini ndio tuliofunguliwa hilo ghala.

Nyanya yangu ni Mborana wa upande wa Garba Tula. Vile vita vya kaskazini vya miaka ya 1960 mnavyoviita vya Shifta, kwetu haviitwi hivyo. Vinaitwa Daba, wakati wa kusimamishwa. Mifugo ilisimamishwa, watu wakasimamishwa, kila kitu kikasimama. Waliingizwa kambini nyuma ya miiba. Nyanya aliingia na ngamia na ng'ombe, akatoka na mbuzi watatu. Mpaka leo nikitembea mjini nikapita Barabara ya Wabera naona watu wanaona jina tu. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya wa Isiolo, mtu wa kwetu, aliuawa Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dido walipokuwa wakiwashawishi watu wabaki Kenya. Kwa hiyo hata sisi hatukuwa upande mmoja. Lakini kambini tuliingizwa sote.

Naipenda hotuba ya balozi wetu pale Baraza la Usalama, Februari 2022, alipowaambia wakubwa kwamba Afrika ilirithi mipaka iliyochorwa na himaya ikaamua kutopigania kuichora upya. Nilijivunia. Ila nilijiuliza kama aliyeiandika amewahi kukaa na nyanya yangu.

Mwalimu_wa_Ngara

Dada, nimesoma maneno yako mara tatu. Huna kosa hata moja, na mimi ndiye niliyepita haraka.

Niongeze ya upande wa nyaraka ili wasomaji waelewe ukubwa wake. Mwaka 1962 tume ilizunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikakuta Wasomali, ambao ndio wengi, wanataka kwenda na Somalia. Uingereza ikaweka ripoti pembeni. Machi 1963 Somalia ikavunja uhusiano nayo. Uchaguzi wa Mei huo wengi wa kaskazini wakaususia. Hali ya hatari ikatangazwa Desemba 1963, bendera mpya haijamaliza hata mwezi. Mwaka 1964 wakuu wa Afrika walikubaliana Cairo kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Somalia ikakataa. Mapatano yakapatikana Arusha Oktoba 1967, Kaunda akiwa msuluhishi, naye ana barabara yake karibu na hiyo ya Wabera. Halafu 1970 bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kaskazini miaka ile. Sheria hiyo ni fupi, mtu anaisoma akisubiri matatu ijae.

Uamuzi wa Cairo naona uliokoa watu wengi sana. Nimetembea na takwimu za Karabakh vya kutosha: watu takriban 30,000 waliouawa mpaka usitishaji wa Mei 1994, karibu milioni moja waliohama, vita tena siku 44 mwaka 2020, na Septemba 2023 Waarmenia zaidi ya 100,000 wakatoka Karabakh ndani ya wiki moja. Sitamani hayo kwa mtu. Lakini gharama ya uamuzi wa Cairo haikugawanywa sawa. Nyanya yako alilipia sehemu yangu mimi wa Ngara. Hilo lazima liandikwe katika ukurasa uleule, si tanbihi.

Mpwani_Nairobi

Na sisi je? Kama unatafuta mahali palipotulia, Mwambao ndio huo. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa karatasi, bendera yake nyekundu ikipepea Mombasa mpaka 1963. Watu walidai mwambao wao ujitawale. Mwishowe hakukuwa na vita. Lakini mwalimu usituweke kwenye meza ya "waliotulia" ukafunga faili. Babangu alikufa hana hati ya shamba ambalo minazi yake aliiparamia tangu utoto.

Mwalimu_wa_Ngara

Ndugu yangu, sifungi faili. Kutopigana na kuridhika ni mambo mawili, na miaka ya kauli ya "Pwani si Kenya" ilitukumbusha sote.

Ninachokitaka kwa Mwambao ni kile nilichokifanya kwa Tatarstan: kuuliza kwa nini 1963 bunduki hazikulia, wakati kaskazini zililia. Kamishna Robertson alitumwa na Uingereza kuchunguza 1961 akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kwa masharti. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu Shamte wa Zanzibar wakapeana barua za mapatano: mahakama za Kadhi zibaki, Waislamu walindwe katika ibada yao, wenye ardhi watambuliwe. Mpaka leo Kadhi yumo kwenye katiba yetu. Kulikuwa na meza, na kulikuwa na watu wa kukaa pande mbili za meza. Sultani hakuwa na jeshi la kudai alichokuwa anakiachia, na kaskazini kulikuwa na dola jipya la Somalia nyuma ya madai. Hizo ni sababu zinazoweza kupimwa. Na hilo la baba yako ni la kupimwa pia: sharti la ardhi lilitekelezwa kwa nani, na nani aliachwa nje ya barua.

Tajikistan nigusie tu, ingawa yastahili uzi wake. Ndiyo inayofanana na Bonde la Ufa kuliko zote. Serikali ya Kisovieti iliwahamisha watu wa milimani, wa Gharm na Pamir, ikawateremsha bonde la Vakhsh kulima pamba. Shamba hili la ushirika ni la watu wa Gharm, la pili ni la watu wa Kulob. Kizazi cha pili bado wakijuana kwa mlima wa babu. Masika ya 1992 mji mkuu, Dushanbe, kulikuwa na viwanja viwili vimejaa waandamanaji, Shahidon wapinzani na Ozodi wafuasi wa serikali, umbali wa kutembea kwa miguu. Rais Nabiyev akawagawia bunduki watu wake wa Ozodi. Vita vilipoteremka mabondeni, shamba lilivamia shamba. Wengi wao ni Watajiki, karibu wote Waislamu, wengi wao Wasuni. Mwenye "chuki za tangu jadi" anieleze hapo. Amani ilisainiwa Juni 1997, wapinzani wakaahidiwa asilimia 30 ya nafasi serikalini, kisha miaka ikapita wakapunguzwa mmoja mmoja, na 2015 chama chao kikuu kikapigwa marufuku.

Kijana_wa_Umoja

Mwalimu, na himaya za zamani zaidi, Waosmani kwa mfano? Na mtu kama mimi asiye na nauli ya kwenda huko anaanzia wapi?

Mwalimu_wa_Ngara

Waosmani kwa ufupi: mkataba wa Lausanne wa 1923 uliwabadilisha watu kati ya Ugiriki na Uturuki, zaidi ya milioni moja, na kipimo kilikuwa dini. Wakristo waliozungumza Kituruki nyumbani wakapelekwa Ugiriki. Waislamu wa Krete waliozungumza Kigiriki wakapelekwa Uturuki. Anza na hao. Ukielewa machozi ya mtu anayefukuzwa "kurudishwa kwao" mahali asipojua lugha, umeshaelewa nusu ya somo.

Kuhusu kuanza: huhitaji nauli ya ndege. Nenda Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, lile jengo la benki ya zamani ambalo Nairobi nzima hukutania mbele yake bila kuingia. Jisajili, omba faili za wilaya za mpaka wa kaskazini, usome taarifa za mkuu wa wilaya mwaka hadi mwaka. Angalia neno analotumia 1950 na neno analotumia 1963 kwa watu walewale. Angalia lini "wachungaji" wanageuka "shifta". Ujue pia kwamba unachokisoma kina mapengo. Waingereza walipoondoka walichoma baadhi na kuchukua mengine. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, ilibidi serikali ikiri kwamba ilikuwa na faili takriban 8,800 za makoloni 37 zimefichwa Hanslope Park, hukohuko Uingereza. Juni 2013 ikakubali kuwalipa wazee 5,228. Bila zile faili sidhani wangelipwa. Upande wa pili wa dunia, Oktoba 1992, hifadhi ya nyaraka ya Abkhazia mjini Sukhumi iliteketezwa, na chuo cha lugha na historia yao kikaungua siku hiyohiyo. Huko hakuna kukiri kutakakofufua faili.

Jifunze Kirusi kidogokidogo. Na kabla ya Kirusi, jifunze kumsikiliza mzee bila kumkata kauli. Usimwulize "kwa nini mlichukiana". Muulize nani aliandika majina. Nani alikuwa na ufunguo. Mifugo ilihesabiwa na nani, saa ngapi, kwenye daftari la rangi gani. Akikosea mwaka, mwache. Atarudi mwenyewe kupitia mvua au msiba. Na akisema zima simu, zima.

Dada wa Isiolo, kama nyanya yuko hai na ana nguvu, ningeomba umuulize hayo.

Binti_wa_Isiolo

Yuko hapa Eastleigh kwa matibabu, nitamwona Jumamosi.

Binti_wa_Isiolo

Nimerudi. Nilimuuliza kama ulivyosema, nani alikuwa akihesabu.

Akasema alikuwepo kijana mwenye daftari, anasimama langoni pa miiba kila jioni. Mnyama aliyechelewa kuingia kabla ya hesabu hakufunguliwa, na asubuhi hakuwepo. Nikamwomba anitajie waliokuwa wake. Akaanza kuwataja ngamia kwa majina yao, mmoja mmoja, na mama ya kila mmoja, na rangi. Nilikuwa naandika mkono unauma. Alipofika wa kumi na saba akanyamaza, akauliza yule kijana aliandika majina au namba tu.

Nikamwambia sijui, nyanya, labda lile daftari liko Moi Avenue.

Akaniuliza wanafungua saa ngapi.